Dakika Tatu za Mwalimu Editha

Jumamosi jioni, Chamazi.

Mvua imeanza alfajiri, ikaacha saa nne, ikarudi saa nane kama mtu aliyesahau mwavuli wake. Barabara yetu imekuwa uji. Nimeingia mtaani viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini, watoto wa jirani wakanicheka. Nimewaacha wacheke. Leo nina cheti.

Cheti kina jina langu lote, Kondo Shomari Pazi, na hawakukosea hata herufi. Kwa Kizaramo kondo ni vita. Basi ewe shajara, ujue kwamba kwa siku mbili Bwana Vita alikuwa anafundishwa amani, na amefaulu.

Amefaulu kwa taabu. Lakini amefaulu.

Binti yangu aliponifungulia hii blogu alisema niandike kana kwamba anayesoma hanijui. Haya. Mie nilikuwa kuli wa bandari, sasa napumzika. Elimu yangu darasa la nne, na ningefika la saba kama mwalimu wa la tano asingekuwa na fimbo ndefu kuliko subira yangu. Nasoma, ila nasoma na kidole. Kidole kikiondoka kwenye mstari, nami nimeondoka. Ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi hapa kwetu, anakosoma mjukuu wangu. Kwenye kikao cha wazazi niliuliza maswali mengi sana, wakaona afadhali wanipigie kura nikaulizie huko ndani.

Mwezi uliopita watoto wa la sita na wa la saba walirushiana mawe baada ya mpira, mmoja akashonwa nyuzi tano kichwani. Haikupita muda ikaja barua. Shule za pembezoni mwa jiji zipeleke walimu wawili wawili na mzazi mmoja, wakajifunze namna ya kufundisha amani kwa njia ya kujifunza kwa kushirikiana, halafu wakirudi wao ndio wawafundishe walimu waliobaki. Mwalimu Mkuu akanichagua mie. Alisema ni kwa sababu ya busara zangu. Uongo mtupu. Wajumbe wenzangu wana kazi zao, na mie kazi yangu ni kukaa barazani nikijua habari za watu.

Walimu waliochaguliwa ni Kessy, kijana wa Kichaga wa somo la sayansi, anayetembea kama kuna kitu kinaungua nyumbani kwake, na Mwalimu Editha wa hisabati.

Niliposikia hilo jina la pili nilitaka kuugua ghafla.

Mwalimu Editha hajanisalimia tangu tumzike mumewe. Mwaka na nusu sasa, na nyumba zetu zinatazamana.

Mumewe sie tulimwita Mtabora. Fundi friji, kibanda chake kilikuwa mbele ya baraza yangu kabisa. Alikulia Tabora, baba yake alikuwa mtu wa reli. Mie nikapiga hesabu zangu za darasa la nne: katoka Tabora, basi ni Mnyamwezi. Na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani. Nikamwanza siku ileile aliyofungua kibanda, naye akanijibu siku ileile. Nikimwambia babu yake alikuja pwani kwa miguu kumfuata mbuzi, ananiambia mbuzi mwenyewe alikuwa wa wizi na mwizi alikuwa babu yangu. Miaka kumi na moja. Kuna watu wanakunywa chai asubuhi, sie tulikuwa tunatukanana.

Sasa kwa wewe usiyejua, mtani ana kazi yake msibani. Haendi kulia tu. Anachukua nguo ya marehemu anaivaa, anatembea alivyotembea, anaongea alivyoongea, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawashuka. Nimeifanya hiyo kazi misiba mingi. Hata baba yangu alipokufa, Mnyamwezi mmoja alivaa kanzu yake akatugombeza sote uani kwa sauti yake, na mama akacheka mpaka akashikiliwa.

Kwa hiyo Mtabora alipokufa nilikwenda kazini. Koti lake lilikuwa limetundikwa sebuleni, nikalivaa. Nikachukua na kofia. Nikapita katikati ya waombolezaji, bega la kushoto limeshuka kama lake, nikakohoa kikohozi chake, nikamwambia mkewe kwa sauti yake, "Mama Jonas, chai yangu iko wapi?"

Hakucheka mtu.

Nikarudia, nikidhani hawajasikia.

Ndipo wanaume wawili wakaniingiza mikono kwapani, huyu huku na yule kule, wakanivua koti, wakanitua nje ya uzio kama gunia la mkaa. Kumbe Mtabora alikuwa Mhaya. Baba Mhaya, mama Mhaya, mke Mhaya, na hao walionibeba ni ndugu zake waliotoka Bukoba. Tabora ilikuwa ya reli tu. Na Wahaya na sie hatuna utani huo hata kidogo.

Utaniuliza, miaka kumi na moja, Mzee, hukujua? Sikujua kwa sababu sikuuliza. Nilimsikia akiongea na mkewe kwa lugha yao, nikasema hicho Kinyamwezi. Kinyamwezi chenyewe mie nakijulia wapi?

Na sikuwa nimelewa. Ningekuwa nimelewa ningesamehewa siku ya pili yake.

Baada ya pale nilipaswa kuvuka barabara, hatua kama ishirini hivi, nikaombe radhi. Sikuvuka. Nikimwona Mwalimu anakuja upande huu, nahamia upande ule. Mtaa mzima unajua mdomo wangu haufungwi hata kwa kufuli, lakini kwa jambo hilo moja ulijifunga wenyewe.

Basi jana, Ijumaa, tukakutana kwenye ukumbi wa sekondari moja huku Temeke. Walimu wametoka kila upande, mmoja katoka Kibamba, kaondoka kwake kabla ya adhana, mwingine Mabibo. Mkufunzi wetu ni bibie mmoja wa Kihindi, jina lake Sakina, mfupi, miwani kwenye kamba, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Kanisalimia "Shikamoo, baba," nikaona hapa nimeshinda, huyu tutaelewana.

Kabla hatujakaa sawasawa, Mwalimu Editha akanyoosha kidole.

"Madam, naomba kundi lingine."

Bibi Sakina akamwambia kwa upole kwamba kundi ni la shule. Siku mbili mtakuwa pamoja, na Jumatatu mtasimama pamoja mbele ya wenzenu. Kundi litakalokatika, shule yake itasubiri awamu nyingine, na awamu nyingine hajui lini.

"Basi mie saa ya chakula naondoka," akasema Mwalimu. Hakuniangalia. Aliangalia kiti changu, kana kwamba kiti ndicho kimekosea.

Kessy akaniinamia. "Babu, umemfanya nini huyu mama?"

"Nilimchekesha."

"Mbona hacheki?"

"Ndiyo kesi yenyewe."

Saa ya chakula hakuondoka. Kessy alimfuata mpaka getini akamwambia, "Madam, ukiondoka Jumatatu mie nasimama na nani? Na Babu?" Mwalimu akageuka, akarudi ukumbini. Nilitaka kukasirika, lakini hoja ya kijana ilikuwa nzito.

Sasa hiyo njia yao. Mie nilijua kusoma ni mmoja anaongea, arobaini wananyamaza, na mjinga anapigwa. Hii siyo. Somo linakatwa vipande. Kila mtu katika kundi anapewa kipande chake, anakwenda kukaa na wenye kipande kama chake kutoka shule nyingine, wanakisaga mpaka kilainike, halafu anarudi kuwafundisha wenzake wa kundi. Mwenzako hana kipande chako na wewe huna chake. Mtihani unauliza vipande vyote, na alama zinajumlishwa za kundi. Kwa hiyo hata kama humpendi mtu, unamhitaji. Darasani ukimweka mtoto aliyerusha jiwe pamoja na aliyepigwa jiwe, kila mmoja na kipande chake, hawana budi kuongea.

Nikaona waliobuni hii njia ni watundu. Nikawaheshimu.

Mwalimu Editha akapata kipande cha mizizi ya ugomvi. Kessy akapata cha kugawana majukumu. Mie, na hapa Mungu alikuwa anacheka, nikapata cha kusikiliza. Usimkatize anayeongea. Usijitetee. Rudia alichosema mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndicho alichosema.

Kwenye meza ya kipande nilisoma na kidole changu. Nilitegemea wale walimu watanicheka, kumbe yule wa Mabibo akasogeza karatasi yake kati yetu, akawa anasoma polepole kwa sauti, kidole chake mbele ya kidole changu. Nikamaliza nikiwa nimeelewa kila neno.

Nikarudi kundini kifua mbele kufundisha. Kessy kila akiuliza swali, namjibu kabla hajalimaliza. Mara ya tatu akasema, "Babu, si umesema usimkatize mtu?" Nikamwambia, "Hiyo ni ya wanafunzi, mwalimu anaruhusiwa." Meza ya jirani wakacheka. Mwalimu Editha alikuwa anatazama feni. Kalamu yake haijafunguliwa.

Mtihani ulikuwa maswali tisa, matatu kila kipande. Matokeo yakasomwa. Kessy nane. Mie sita. Mwalimu Editha, ambaye nusu ya watoto wa mtaa huu wanajua kugawanya kwa sababu yake, sita. Kundi letu la mwisho.

Nikaitazama karatasi yake kwa jicho la wizi. Hakukosea hata moja. Yale matatu ya kipande changu aliyaacha wazi. Peupe kama kanzu ya Idi.

"Madam," Kessy akasema, amekereka, "si ungebahatisha tu?"

"Sijafundishwa."

Neno moja hilo. Nimetukanwa sana maishani mwangu, bandarini pale tulikuwa na matusi ya kila lugha inayoshuka melini. Hakuna lililonifika kama hilo. Mwanamke mwenye hesabu zake zote amekubali alama sita mbele ya watu kuliko kuchukua kitu kutoka mdomoni mwangu.

Leo asubuhi Bibi Sakina akasema, "Leo hatuigizi. Leo kila mtu achague jambo la kweli lililomuuma." Wawili wawili. Mmoja anaongea dakika tatu, mwenzake anakaa kimya, halafu anarudia. Anayeongea ndiye anayesema nimesikiwa au sijasikiwa. Sie tuko watatu, kwa hiyo Kessy akachukuliwa na mkufunzi. Tukabaki mie na Mwalimu.

Alisimama kwa muda. Mie nikajisemea, atanipa habari ya jirani anayemwaga maji machafu, tutamaliza salama.

Akakaa. Akavua saa yake ya mkononi akaiweka mezani.

"Mzee Kondo."

Mwaka na nusu sijasikia jina langu kinywani mwake. Nikajua hakuna maji machafu hapa.

Sitaandika yote. Niliyoweza kuyabeba ni haya. Alisema siku ile alikuwa amekaa mkekani na mama mkwe wake, mkono wa yule bibi uko ndani ya mkono wake. Alisema, "Ulipoingia na koti, mama alisimama. Alidhani mwanawe ameamka. Nilimwona usoni, Mzee Kondo, alikuwa anataka kukimbilia. Halafu akajua siyo yeye, akakaa chini kama kitu kilichomwagika. Wewe hukuona. Wewe ulikuwa unakohoa."

Alisema shemeji zake walimwambia yeye ndiye aliyenileta. Kwamba wanawake wa mjini siku hizi wanakodi wachekeshaji mpaka msibani. Akakana, hawakuamini, kwa sababu mie nilimwita Mama Jonas kama mtu wa ndani. Mama mkwe akaondoka bila kumuaga. Kuanua tanga hakuja. Krismasi, ambayo kila Mhaya unayemjua anakwenda kwao, watoto wa Mwalimu hawakuitwa Bukoba kwa bibi yao.

"Jonas ameacha hata kuuliza," alisema. "Na mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa anaweza kusema kwamba sikumtuma. Alikuwa barazani kwake kila siku. Anatania wapita njia."

Saa ikalia, dakika tatu zimekwisha. Akainyamazisha kwa kidole.

Zamu yangu.

"Umesema nilikukosea msibani," nikaanza, "lakini mie, Mwalimu, nilidhani..."

"Hujanisikia."

Nikaanza tena. Hii mara nilikuwa nakwenda vizuri, mkeka nimeutaja, mama mkwe nimemtaja. Nilipofika kwa shemeji zake, jamani, sijui ilikuwaje, maneno yao yakanitoka kwa sauti yao. Nimeigiza! Kile Kiswahili cha Bukoba chote, na kidevu nimekiinua. Sikukusudia. Mdomo una mazoea yake, unafanya kazi hata mwenyewe hujauajiri.

Akafumba macho. "Hujanisikia. Na usimwige mtu."

Bibi Sakina alikuwa ametuona kutoka meza ya pili. Hakuja. Nilikuwa namwomba kwa macho aje aseme muda umekwisha, na yeye akawa anafuta miwani.

Mara ya tatu nikaweka kidole mezani. Nilikiweka juu ya mbao tupu, kama kuna mstari pale, nikawa nakisogeza neno kwa neno, kama ninavyosoma. Bila sauti ya mtu. Bila lakini. Mkono wa mama ulikuwa ndani ya mkono wako. Niliingia na koti. Mama akasimama.

Hapo nikakwama. Kidole kikasimama. Nilikuwa najua neno linalofuata na sikuweza kulitoa, maana ndipo nilipomwona yule bibi. Mwaka na nusu nilikuwa nakumbuka aibu yangu mie, kubebwa kwangu mie, koti lilivyonivuka mie. Yeye sikuwahi kumwona.

Mwalimu hakunisaidia.

Nikalitoa. Alidhani mwanawe ameamka. Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka Krismasi, mpaka baraza yangu.

"Ndiyo," akasema. "Umenisikia."

Nikafungua mdomo.

"Sijasema nimekusamehe," akaniwahi. "Nimesema umenisikia."

Nikaufunga.

Saa ya chakula kulikuwa na pilau na ndizi. Nilikaa peke yangu pembeni, jambo ambalo hata Kessy lilimshtua, akaniletea soda bila kuombwa. Mara nikaona sahani inawekwa mbele yangu. Mwalimu Editha. Akala vijiko kadhaa, halafu akaniambia habari ambayo mie nisingeijua mpaka nazikwa.

Alisema mumewe alikuwa anarudi jioni akicheka peke yake getini. Anamhadithia, leo mzee wa baraza kaniambia hivi, nami nimemjibu hivi. Yeye akamwambia, "Mkosoe basi. Mwambie wewe siyo Mnyamwezi."

"Akasemaje?"

"Akasema, nikimwambia ataacha."

Yaani yule mtu alijua. Miaka yote alijua. Alikulia kati ya Wanyamwezi, majibu yote anayo, akaamua tu kukubali awe mtani wangu. Mie nilikuwa najiona ndiye niliyemchagua yeye.

Nikasema, "Mwalimu, nipe namba ya mama."

Akanitazama. "Utamwambia nini?"

"Ukweli. Ni mfupi, hautakula salio."

Hiyo ilinichoropoka. Lakini hakukasirika. Akatoa simu, akapiga, akasema maneno machache kwa Kihaya, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi. Nikasikia kuku upande wa pili. Nikasikia pumzi ya mtu mzima sana.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mie ni jirani wa mwanao, wa Dar es Salaam. Mie ndiye niliyevaa koti. Hakuna aliyenituma. Mkeo... mke wa mwanao hakujua. Nilifanya peke yangu, na baada ya hapo nikaogopa kusema, akabeba yeye."

Kuku tu.

"Una umri gani, wewe?"

"Sabini na nne, mama."

"Mtu mzima."

"Ndiyo, mama."

"Na akili?"

Ewe shajara, sikiliza. Majibu matano yalinijia hapohapo, mazuri, mawili ningeyauza. Yote nimeyameza. Mpaka sasa yako tumboni.

"Siku ile haikuwepo, mama."

Halafu akauliza, taratibu, "Ulijuaje alivyokuwa anatembea?"

"Miaka kumi na moja namtazama akipita."

Sijui alifanya nini huko Bukoba. Nilisikia tu alivyosema, "Mpe simu Editha."

Mwalimu akaichukua akatoka nayo kwenye varanda. Mvua ilikuwa imerudi. Nilimwona mgongo tu, mkono mmoja umeshika nguzo. Waliongea mpaka kipindi cha mchana kikaanza, kwa lugha ambayo safari hii sikujifanya naijua. Bibi Sakina alimwona, akaendelea na kipindi bila kumwita.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na kitambaa chake kimelowa. Akakaa.

"Wanakwenda likizo hii," akasema. "Wote wawili. Bibi yao ameshasema wamletee dagaa wa baharini."

Kessy, ambaye hajui chochote, akauliza, "Nani anakwenda wapi?" Hakujibiwa. Masikini, siku mbili yule kijana amekaa katikati ya vita na suluhu na hajui hata moja.

Halafu Mwalimu akavuta karatasi, akafungua kalamu.

"Hicho kipande chako. Nieleze."

Nikamweleza. Aliuliza maswali manne, yote nikayaacha yafike mwisho ndipo nikajibu. La nne lilikuwa refu, nadhani alilirefusha makusudi anipime. Nikakaa. Aliandika ukurasa mzima, mwandiko wa ubaoni, mistari imenyooka.

Mtihani wa mwisho hatukuwa wa kwanza. Wa kwanza ni wale wa Kibamba, na yule aliyeondoka kabla ya adhana akashangilia kama amefunga goli. Sie tulikuwa wa tatu. Mwalimu Editha alipata tisa. Mie saba, na hayo mawili niliyokosa ni ya kipande cha Kessy, kwa hiyo mwulizeni Kessy.

Wakati wa kufunga nilimwambia Bibi Sakina kwamba sie hii amani yao tulikuwa nayo zamani, tunaiita utani, mtu unamtukana ili usije ukampiga. Akasema ni kweli, baba, lakini utani unataka wawili waliokubaliana, na mtoto anayecheka peke yake darasani siyo mtani, ni mchokozi. Akaniomba Jumatatu niwaeleze walimu hilo. Mie! Darasa la nne! Nimekubali kabla hajamaliza sentensi, na nikamwomba radhi kwa kumkatiza.

Nitaliweza. Sina wasiwasi nalo hata chembe. Walimu kumi na tano ni wachache, nimewahi kubishana na meli nzima. Mpango wetu ni huu. Kessy anaanza, anagawa vipande. Mwalimu Editha anaeleza mizizi. Mie namalizia na kusikiliza. Halafu wale watoto wa mawe tunawaweka meza moja, yule mwenye nyuzi na yule mwenye mkono mwepesi, kila mmoja na kipande chake cha hesabu, na Mwalimu anasema hatawapa jibu hata wakilia.

Je, atanisamehe? Sikumuuliza. Sitamuuliza. Hilo ni lake, akae nalo muda anaotaka, mie niko ng'ambo ya barabara na safari hii sitahama upande.

Tulirudi Chamazi pamoja, tukatembea kutoka kituoni kwenye tope, yeye mbele na mie nyuma. Pale getini kwake akageuka akaniwekea sharti la Jumatatu. Nisimwige mtu yeyote mbele ya walimu.

Nimekubali. Nikaomba ruhusa ya mmoja tu, Mwalimu Mkuu, anavyotafuta miwani yake huku ameivaa.

Akafungua geti, akaingia, akalifunga. Nikadhani ndiyo basi.

"Nitaona," akasema kutoka ndani.